Dokumentari ya kwanza ya kikundi cha wanafunzi: mwongozo kwa walio Dodoma na jirani

Kila muhula maswali ni yaleyale. Tununue kamera gani? Nani awe mwongozaji? Tuko kumi na wawili, tufanyeje? Kwa nini mtu tuliyemhoji anasikika kama anaongea ndani ya pipa? Nimeona niyajibu mahali pamoja, ili mwanaklabu mpya akiuliza aelekezwe hapa.

La kamera halina maneno mengi: simu mliyo nayo inatosha. Vikundi vya wanafunzi ni nadra kukwamishwa na kamera. Vinakwama pale kazi inapotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Kadi imetoka kwa mpigapicha, hakuna anayejua kama imeshanakiliwa. Saa ya kukutana imebadilishwa, aliyeambiwa ni mmoja. Mhariri amekabidhiwa faili mia mbili zisizo na majina, kisha anaulizwa mbona anachelewa. Ndiyo maana mtakuta humu habari za makabidhiano kuliko za lenzi.

Mfano nitakaoutumia ni wa dokumentari ya dakika nane hadi kumi kuhusu mashine ya kukamua alizeti. Dodoma na Singida mashine hizi hazikosi, na kazi yake ina mwanzo na mwisho unaoonekana: magunia yanashushwa, mbegu zinaanikwa na kupepetwa, zinakamuliwa, mafuta yanachujwa, mashudu (mabaki ya mbegu) yanauzwa kwa wafugaji. Zabibu nazo ni nzuri, sikatai, ila kila kikundi cha Dodoma hukimbilia zabibu.

Mnachohitaji kabla ya kuanza

- Watu watano au sita. Mkiwa kumi na wawili, tengenezeni filamu mbili. Msibuni vyeo vya kumridhisha kila mtu.
- Simu mbili zenye nafasi. Video ya kiwango cha 1080p hula takriban MB 130 kwa dakika kwenye mipangilio ya kawaida ya simu nyingi, yaani karibu GB 8 kwa saa. Ya 4K hula zaidi ya mara mbili ya hapo. Pigeni 1080p.
- Tripodi moja imara. Ya bei nafuu inayotikisika kwa upepo ni hasara. Afadhali simu iegemezwe kwenye tofali.
- Maiki ndogo ya kubana kwenye shati, pamoja na sponji au manyoya yake ya kuzuia upepo.
- Hedifoni za waya, za kumsikilizia mhojiwa wakati wa kurekodi.
- Pawabenki, nyaya zake, na kitambaa laini cha kufutia lenzi. Vumbi la kiangazi mnalijua.
- Sehemu mbili tofauti za kuhifadhi faili, kwa mfano diski ya nje na kompyuta ya shule.
- Daftari moja gumu, kalamu mbili na selotepu ya rangi.
- Barua ya shule au chuo yenye mhuri.
- Nauli, maji na chakula. Kikundi chenye njaa hugombana kufikia saa saba mchana.

Hatua ya 1: Fanyeni zoezi la dakika moja

Kabla ya kugawana vyeo vya filamu kubwa, tengenezeni filamu ya dakika moja kuhusu kazi ya mikono iliyo karibu: fundi baiskeli nje ya geti, mama anayekaanga chapati, mtu anayenoa visu. Mchana mmoja tu. Kila baada ya nusu saa badilishaneni: aliyeshika simu avae hedifoni, aliyevaa hedifoni aandike daftari, aliyeandika aongoze.

Mtagundua mambo ambayo mjadala wa darasani hauwezi kuwapa. Yule mwenye sauti kubwa kwenye mikutano huenda hana subira ya kukaa kimya sekunde kumi wakati picha inarekodiwa. Yule mkimya huenda ndiye aliyesikia bodaboda ikiharibu sauti kabla ya wengine wote.

Hatua ya 2: Gawaneni kazi, na muandike nani ana uamuzi gani

Kazi ni tano.

*Prodyuza* anashika muda, fedha, ruhusa na mawasiliano na wahusika. *Mwongozaji* anashika hadithi: tunatafuta nini, tunamuuliza nani. *Mpigapicha* anashika picha. *Mtu wa sauti* anashika sauti, na ana haki ya kusema "simamisha" katikati ya mahojiano. *Mhariri* anashika faili tangu siku ya kwanza, hata kabla hajaanza kuhariri. Mkiwa sita, wa sita anashika daftari la siku ya kupiga na kumsaidia prodyuza.

Vyeo peke yake havisaidii kitu. Kinachosaidia ni karatasi inayosema ubishi ukitokea nani anakata shauri. Mimi huwaambia waandike hivi: kilichomo ndani ya fremu ni neno la mwongozaji, kuondoka na kufika ni neno la prodyuza, kufuta faili ni neno la mhariri peke yake, kurudia kwa sababu ya sauti ni neno la mtu wa sauti. Bandikeni ukutani.

Onyo: msimpe mtu kazi ya sauti kwa sababu "hana kazi nyingine". Mtazamaji atavumilia picha yenye giza kidogo, lakini maneno asiyoyasikia hatayavumilia. Mpeni sauti mtu makini kuliko wote.

Hatua ya 3: Punguzeni mada mpaka ibaki swali moja

"Kilimo cha alizeti Tanzania" si mada ya dakika nane. "Nani anapata nini kwenye gunia moja la alizeti?" ni mada. Hapo tayari mna watu wa kuwahoji: mkulima aliyeleta gunia, mwenye mashine, kijana anayelisha mbegu, mfugaji anayekuja kununua mashudu. Mna pia njia ya kuufuata mzigo kuanzia unaposhushwa hadi chombo cha mafuta kinapofungwa mfuniko.

Jipimeni hivi: kila mwanakikundi aandike swali la filamu kwenye karatasi yake bila kuchungulia kwa mwenzake. Karatasi zikitofautiana, hamjakubaliana, hata kama mkutanoni wote mlitikisa vichwa.

Angalieni na msimu. Mashine za alizeti huwa na kazi nyingi baada ya mavuno, kuanzia Mei hivi. Mkienda Januari mtakuta mafundi wanasubiri mzigo na mashine imefunikwa turubai.

Hatua ya 4: Nendeni mara ya kwanza bila kamera

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote. Wanafunzi wanaona nauli inapotea. Haipotei.

Prodyuza apige simu kwanza, na aipige kwa adabu ya kawaida ya huku kwetu:

— Shikamoo mzee.
— Marahaba, hujambo?
— Sijambo mzee. Samahani kwa usumbufu, sisi ni wanafunzi, tunajifunza kutengeneza filamu. Tulikuwa tunaomba kuja kukuona, tuone kazi ya mashine ilivyo. Siku hiyo hatutarekodi, tunakuja kusalimia na kujifunza tu.
— Mnatoka TV gani?
— Hatutoki TV mzee, ni kazi ya shule.

Jibu hilo la mwisho lisemwe wazi tangu mwanzo. Mkimwacha mtu aamini ataonekana kwenye taarifa ya habari, mtakuja kumjibu baadaye kwa aibu.

Mkifika, kaeni. Mkikaribishwa chai, kunyweni. Kama wenyeji ni Wagogo na mnajua kuitikia "mbukwenyi", itikieni. Kama hamjui, "shikamoo" haijawahi kumkosea mzee. Kisha angalieni mambo manne: jua linaingilia upande gani na saa ngapi, soketi ziko wapi, mashine inazimwa saa ngapi, na nani kati ya watu mnaowaona anaongea kwa raha. Mara nyingi si bosi. Ni kijana anayelisha mbegu, au mama anayepima mafuta.

Hilo la mashine kuzimwa lina uzito wake. Mashine ya kukamua ina kelele ambazo hakuna maiki ndogo itakayozishinda, na mwenye mashine hawezi kuizima kwa sababu ya filamu yenu huku wateja wamepanga foleni. Muulizeni ni saa ngapi kwa kawaida inapumzika: labda asubuhi kabla ya kuwashwa, labda wakati wa chakula. Huo ndio muda wenu wa mahojiano. Umeme ukikatika mkiwa pale, msisikitike, washeni kamera.

Hatua ya 5: Ruhusa na ridhaa

Ruhusa za kupiga filamu hutolewa na Bodi ya Filamu Tanzania, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976. Mwalimu au chuo kiwaulize mapema kazi yenu ya masomo inahitaji kibali gani, kabla hamjapanga tarehe. Papo hapo pelekeni barua ya shule kwa mtendaji wa kata, na mjitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji. Kikundi kilichojitambulisha hakifukuzwi na mgambo.

Droni ina vibali vyake, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga inahusika. Kwa filamu ya kwanza, iacheni. Dodoma ni makao makuu. Msielekeze kamera Bungeni, Ikulu ya Chamwino, kambi za jeshi wala stesheni ya treni ya SGR mkidhani ni mandhari tu.

Ridhaa ni kitu kingine kabisa. Huyo mtu mnayemhoji lazima aelewe mnarekodi nini, itaonyeshwa wapi, na kwamba anaweza kukataa. Andikeni nusu ukurasa kwa Kiswahili chepesi, msomeeni, asaini. Asiyeandika, mrekodini akikubali kwa mdomo. Mtoto chini ya miaka 18, saini ni ya mzazi au mlezi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo msichukulie sura na sauti ya mtu kuwa mali yenu kwa sababu tu mmemrekodi.

Hatua ya 6: Andikeni karatasi ya siku

Usiku wa kuamkia siku ya kupiga, prodyuza anatuma karatasi moja kwa kila mtu. Moja. Haisambazwi kwa mafungu kwenye meseji tano. Iwe hivi:

*Jumamosi. Kukutana geti la shule saa 12:15 asubuhi. Kuondoka 12:30, atakayechelewa anajitegemea nauli. Saa 1:15 salamu na kupanga vifaa. 1:30 hadi 2:30 mahojiano ya mwenye mashine, mashine haijawashwa. 2:30 hadi 4:30 picha za kazi. 4:30 kupumzika. 5:00 mkulima. 7:00 chakula. 10:00 hadi 12:00 jioni picha za nje na mfugaji. Simu ya mwenyeji: anayo prodyuza. Vifaa: nani amebeba nini, jina kwa jina.*

Mnaona mpangilio. Asubuhi hadi saa tatu hivi na jioni kuanzia saa kumi mwanga ni wa pembeni, sura za watu zinakaa vizuri. Saa sita mchana jua liko utosini, macho yote yanakuwa mashimo meusi. Muda huo pigeni ndani, au chini ya mti wenye kivuli kizito.

Kila kifaa kiwe na mbebaji. "Nilidhani unayo wewe" ndiyo sentensi inayoua siku nyingi za kupiga picha kuliko mvua.

Hatua ya 7: Kupiga picha

Wekeni simu zote mbili fremu (picha) 25 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kunasa kila fremu, 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, na simu zilizoachwa kwenye fremu 30 mara nyingi huonyesha taa za tyubu zikipepesa. Programu za bure kama Open Camera au Blackmagic Camera huwapa uwezo wa kupanga hivyo. Fungeni pia mwanga na rangi, ili picha isijibadilishe mtu mwenye shati jeupe akipita. Simu ilazwe, isisimamishwe.

Kwa kila tendo, chukueni picha tano: mikono inayofanya kazi, uso wa anayefanya, mahali pote kwa upana, kutoka nyuma ya bega lake, na moja kutoka pembe ambayo hamkuitarajia, labda chini kabisa pale mashudu yanapodondokea. Kila moja ikae sekunde kumi bila kusogeza simu. Hesabuni kimoyomoyo. Wanaoanza hupiga sekunde tatu kisha wanahama, na mhariri anabaki na vipande visivyofunika hata sentensi moja.

Kosa jingine ni kuzungusha simu huku na huku kama macho yanayotafuta kitu. Acheni kazi iingie na kutoka ndani ya fremu. Mkono unaleta debe, unamimina, unaondoka. Kata.

Mtu wa sauti naye ana orodha yake, na hapa ndipo kikundi kinajulikana kama kimekomaa. Anarekodi mashine peke yake, karibu na mbali. Anarekodi mbegu zikimiminwa, mafuta yakichuruzika, ungo ukipepeta, mizani ikigongwa. Kisha anawaomba wote wanyamaze nusu dakika arekodi ukimya wa mahali penyewe, maana hata ukimya wa Kizota si sawa na ukimya wa Hombolo. Mhariri ataomba nusu dakika hiyo kila siku.

Mkiwa karibu na mashine, shikeni adabu ya mashine. Hakuna nguo inayoning'inia, hakuna waya wa maiki unaovuka mkanda unaozunguka, hakuna anayeinama kuchungulia kwa ajili ya picha nzuri.

Hatua ya 8: Mahojiano

Mkalisheni mhojiwa mbali na ukuta, dirisha au mlango ukiwa ubavuni kwake, si mgongoni. Maiki ibanwe kifuani, upana wa kiganja kimoja chini ya kidevu, isisuguane na khanga wala tai ya kitambulisho. Kama simu haina tundu la maiki, chomekeni maiki kwenye simu ya pili, iwekeni mfukoni mwake ikirekodi, mzime mtandao, kisha mmoja wenu agonganishe viganja vyake kofi moja mbele ya kamera. Kofi hilo litamsaidia mhariri kulinganisha sauti na picha. Sauti kubwa kabisa ziishie karibu na desibeli -12 kwenye mita ya sauti; zikigonga 0 zimekwisha haribika.

Anayeuliza akae jirani kabisa na kamera, macho yake yawe sawa na lenzi. Mhojiwa anamtazama yeye.

Maswali yaanzie kwa "nieleze", "ilikuwaje", "hapo unafanya nini". Ukiuliza "Kazi hii ni ngumu?" utajibiwa "Ndiyo". Mwombe pia aanze jibu kwa sentensi kamili: badala ya "Tangu zamani", aseme "Mashine hii niliinunua zamani", kwa kuwa sauti yako itakatwa. Kisha nyamaza. Akimaliza, hesabu hadi nne kabla ya swali lijalo. Watu wengi husema jambo lao kubwa ndani ya hizo sekunde nne, na wanafunzi wengi hulikata kwa "mh, sawa sawa".

Mzee akiwa anaeleza vizuri zaidi kwa Kigogo, Kirangi au Kinyaturu, mwacheni aeleze kwa lugha yake. Tafuteni mwanakikundi anayeielewa akae karibu, na maandishi ya Kiswahili yatawekwa chini ya picha. Kumlazimisha Kiswahili cha redioni kutawapa mtu mwingine kabisa.

Mwongozaji akitaka kuongeza swali, aandike kwenye kikaratasi ampe anayeuliza. Watu wawili wasimuulize mtu mmoja kwa pamoja; huo ni usaili wa polisi.

Hatua ya 9: Makabidhiano ya jioni

Hamlali bila kufanya haya, hata kama mmechoka.

1. Mpigapicha na mtu wa sauti wanakabidhi kadi na simu kwa mhariri mkononi. Kadi iliyojaa imefungwa selotepu ya rangi. Isiyo na selotepu ni tupu.
2. Mhariri ananakili sehemu mbili. Anafungua faili chache kila upande aone kama zinacheza.
3. Folda zinapewa majina kwa mpangilio mmoja: tarehe, kifaa, mahali. Majina halisi ya faili hayabadilishwi.
4. Nakala mbili zinalala nyumba mbili tofauti.
5. Hapo tu ndipo mhariri anasema kadi ifutwe.

Kisha dakika kumi na tano za kikao mkiwa mmesimama. Kila mmoja anasema mambo mawili: nini nimekamilisha, na nahitaji nini kutoka kwa nani. Lawama zisubiri kesho. Mwenye daftari anaandika. Walimu mnaotoa alama, daftari hilo litawaonyesha nani alifanya nini kuliko filamu yenyewe, na litawaepusha na ule mtindo wa kumpa kila mtu alama sawa wakati wawili hawakuonekana.

Hatua ya 10: Kuhariri

Mwongozaji na mhariri wasikilize mahojiano yote na kuandika: faili gani, dakika ya ngapi, anasema nini, nyota ngapi. Inachosha. Fanyeni hivyo hivyo. Sentensi zenye nyota ziandikeni kwenye vikaratasi, vitandazeni sakafuni, mvipange mpaka hadithi isomeke ukitembea kutoka mlangoni hadi dirishani. Kikundi kizima kiwepo siku hiyo. Kusogeza karatasi hakugombanishi kama kusogeza faili.

Kwenye kompyuta anzeni na sauti peke yake. Pangeni sentensi, fumbeni macho, sikilizeni. Kama haieleweki bila picha, picha haitaiokoa. Baada ya hapo ndipo mfunike kwa zile picha tano tano. DaVinci Resolve ya bure ni nzuri lakini inataka kompyuta yenye nguvu. Shotcut na Kdenlive ni nyepesi zaidi. CapCut kwenye simu inatosha kwa zoezi la dakika moja.

Mhariri apewe nafasi ya kutengeneza toleo la kwanza bila watu kusimama nyuma ya kiti chake. Kisha wote watazame mara moja bila kusimamisha, na maoni yaandikwe, yapitie kwa mwongozaji. Maoni kumi yanayopigana yakimfika mhariri moja kwa moja, atafuata la rafiki yake.

Muziki: msichukue wimbo wa bongo fleva mtandaoni mkidhani hautajulikana. Kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na kuna COSOTA, ofisi inayosimamia hakimiliki. Mna nchi ya zeze na ilimba hapa. Mwombeni mtu anayepiga awapigie dakika tatu, mwandikishiane. Au msiweke muziki. Sauti ya mbegu zikimiminwa inatosha mahali pengi.

Hatua ya 11: Onyesheni kwa wahusika kwanza

Kabla ya shule, mwenye mashine na watu wake waone. Mtasikia kama mmekosea jina la kitu, au mmepanga hatua za kazi nyuma mbele.

Mambo yakiharibika

*Sauti na picha zinaachana kadiri mahojiano yanavyosonga.* Simu nyingi hurekodi kwa idadi ya fremu inayopandashuka. Pitisheni faili kwenye HandBrake, mchague fremu 25 zisizobadilika, ndipo muingize kwenye programu ya kuhariri.

*Upepo umeingia kwenye maiki.* Punguzeni masafa ya chini (sauti nzito) kwenye programu ya kuhariri, tatizo litapungua kidogo. Kwa kweli rudini mkarekodi tena. Kati ya Juni na Septemba msitoke bila manyoya ya maiki.

*Kompyuta inakwama.* Tengenezeni nakala nyepesi za faili ndani ya programu, haririni kwa hizo, faili halisi zirudi wakati wa kutoa filamu.

*Rangi za simu mbili hazifanani.* Simu moja ibaki ya mahojiano, nyingine ya picha za kazi. Tofauti haitaonekana sana.

*Mwenzetu haonekani kazini.* Prodyuza amuulize faraghani kwanza. Mara nyingi ni nauli, au kazi za nyumbani. Akikosa karatasi mbili za siku mfululizo, jukumu lake lipewe mwingine kwa maandishi, naye apewe dogo analoliweza.

*Mhojiwa amebadili mawazo.* Anatoka. Hakuna mjadala. Ndiyo sababu mlihoji watu wanne.

*Filamu ina dakika kumi na tisa.* Kila mmoja aandike tukio moja analolipenda ambalo filamu inaweza kuishi bila hilo. Yanayotajwa mara mbili yanaondoka.

*Mwenye mashine anataka nakala, tumemtumia WhatsApp na picha imekuwa ukungu.* Itumeni kama faili la hati, si kama video. Au pelekeni flashi mkononi, na mkifika msikilizeni: huenda anaye mteja mwingine mwenye habari ya kuwaeleza.